Bunduki ya Mama Anitha

Muuzaji wa bunduki alikuwa akimweleza mtu asiyehusika. Alimweleza Mashauri jinsi mtutu ulivyo safi, jinsi mwenye nayo wa kwanza alivyoitunza, na kwa nini mbao ya kitako ilikuwa imekwaruzika. Mashauri alisimama mikono mfukoni akitazama mlango. Aliyekuwa na cheti cha mtihani wa uwindaji, aliyekuwa na fedha na aliyeitaka bunduki yenyewe ni mkewe, Benedicta, naye alikuwa amesimama papo hapo, hatua moja kutoka kaunta.

"Mnunuzi ni mimi," Benedicta alisema kwa Kiswidi. Ilikuwa mara ya pili.

Muuzaji alitabasamu, akaomba radhi, akamgeukia. Alimuuliza kama amewahi kushika silaha. Benedicta akamwonyesha cheti. Yule bwana alikisoma mbele na nyuma, kama mtu anayekagua noti kubwa ambayo haiamini, kisha akamletea bunduki mbili za kawaida. Benedicta akarudia alichokwisha kumweleza kwa simu: yeye ni mtu wa mashoto. Bunduki za kawaida kishikio cha kukoki kiko upande wa kulia. Mtu wa mashoto akishapiga risasi ya kwanza lazima aachie, avushe mkono juu ya bunduki, akoki, ndipo alenge upya, na mnyama hamsubiri. Zilikuwepo zilizotengenezwa kwa ajili ya mashoto, mbili ukutani, moja krona elfu kumi na tisa na nyingine elfu ishirini na tatu. Yeye alikuwa na elfu kumi na mbili kwa kila kitu: bunduki, ada ya leseni, risasi, na kabati la chuma la kufungia silaha ambalo sheria inalidai.

Ndiyo maana aliitaka ile ya wenzo. Chini ya triga ina kishikio cha chuma kama pete kubwa. Unakivuta chini, unakirudisha juu, bunduki imekoki. Haina kulia wala kushoto. Ilikuwa ya mtumba, elfu saba na mia nane.

Muuzaji alisema, akicheka, kwamba bunduki za namna hiyo watu hununua kwa sababu ya sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, na kama ni kuwinda älg, yule mnyama mkubwa kama pofu, afikirie vizuri. Benedicta akamwambia risasi yake inaruhusiwa kisheria kwa älg, na kwamba ameyasoma hayo kwenye tangazo la duka lake. Kisha akaiomba. Aliiweka begani, bega la kushoto, akavuta wenzo chini na kuurudisha. Ulitoa sauti fupi nzito ya chuma kuingia mahali pake. Mkono wake wa kushoto, ambao walimu wawili waliwahi kuupiga rula ili uache kuandika, haukuhangaika hata kidogo.

"Mama Anitha," Mashauri alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini. "Kuna mtu pale kwenye viatu anatutazama."

"Mwache atazame."

Muuzaji aliandika karatasi za kuombea leseni. Bunduki ingebaki dukani mpaka polisi waridhie. Aliahidi kuishikilia hadi mwisho wa Septemba, siyo zaidi, kwa sababu wateja wengine wapo. Alipomaliza, karatasi alimkabidhi Mashauri.

*

Waligombana toka kituo cha basi mpaka nyumbani Jordbro, kwa sauti ya wastani, kwani watu walikuwepo.

Mashauri alikuwa na sababu zake, na hazikuwa za kipuuzi. Aliendesha foklifti kwenye ghala moja katika eneo la viwanda, na majira ya kuchipua, siku chache baada ya kijana mmoja kupigwa risasi karibu na stesheni, polisi walimsimamisha akitoka zamu ya mchana. Walimwekesha mikono juu ya boneti la gari lao huku wafanyakazi wenzake wakipita. Walifungua mfuko wake wa chakula, wakafungua na bakuli. Hawakupata kitu, wakamtakia siku njema. Sasa, alisema, mkewe anataka jina lao liandikwe kwenye orodha ya wenye silaha. Watu wa kanisani watasema nini? Ludovick, mwenyekiti wa jumuiya yao ya Waswahili, alikuwa ameshauliza kwa utani kama siku hizi Mashauri anaomba ruhusa ya kutoka nje. Na marafiki wa Anitha wakijua kuna bunduki ndani, je? Na kaka za hao marafiki?

Benedicta alimjibu kwamba orodha itakuwa na jina lake yeye, siyo lao. Fedha ni za zamu zake za Krismasi na Pasaka, alizofanya wakati yeye Mashauri amekaa kanisani akiimba.

Lililokuwa likimchoma Benedicta lilikuwa jingine. Alifanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, na mwenzake wa kazini, Aron, mtu mpole wa miaka hamsini na kitu, ndiye aliyemkaribisha kwenye kikundi cha wawindaji cha kijijini kwao, karibu na Ösmo. Kwa misimu miwili Benedicta alikuwa mtimuaji. Alitembea kwenye matope ya msitu akipiga kelele na kugonga miti ili wanyama waelekee waliko wenye bunduki. Wenye bunduki walikaa kwenye vituo vyao na chupa za kahawa. Jioni wao walipata fungu kamili la nyama, watimuaji nusu. Mwaka wa kwanza yeye alipewa mfuko wa mifupa ya supu, na mzee mmoja mwenye ndevu akamwambia kwamba kwao Afrika bila shaka wanajua kuitumia. Aron aliona haya mpaka masikio yakawa mekundu. Benedicta aliuchukua ule mfuko, akashukuru, akaupeleka moja kwa moja kwenye pipa la taka la stesheni.

Msimu wa baridi uliofuata alijiandikisha kwenye darasa la uwindaji. Alijifunza majina ya ndege thelathini kwa Kiswidi. Alipiga shabaha kwa bunduki ya kuazima ya mkono wa kulia, akivusha mkono kila baada ya risasi, akafaulu mara ya kwanza. Wawili kati ya Waswidi wa darasa lile walirudia.

"Unataka kumwonyesha nani?" Mashauri alimuuliza walipofika mlangoni.

"Mtu yeyote atakayekuwa anatazama."

*

Kabati la chuma alilipata mtandaoni kwa elfu mbili, kutoka kwa mjane mmoja wa Tyresö aliyekuwa akiuza vitu vya mumewe. Aron alilileta kwa trela, na wote wawili wakalipandisha hadi ghorofa ya tatu, ngazi kwa ngazi. Majirani walichungulia. Mama mmoja wa ghorofa ya pili aliuliza kama ni friji. Benedicta akasema ndiyo.

Mashauri hakushuka kusaidia. Alikaa sebuleni akiangalia mpira, na Aron alipoingia akihema, alimsalimia kwa adabu zote na kumpa maji. Kabati likaingia ndani ya kabati la nguo, mahali palipokuwa na makoti ya baridi.

"Var ska mina jackor hänga då?" Anitha aliuliza. Alikuwa na miaka kumi na minne na kwa mama yake alijibu kwa Kiswidi siku zote. Alitaka kujua jaketi zake zitaning'inizwa wapi.

"Za kwako zitakaa na za baba yako," Benedicta alisema. "Ana nafasi kubwa. Hana anachoweka."

Ombi la leseni aliliandika mwenyewe, akalilipia ada, akalituma. Kisha akaanza kungoja. Alijua muda wa kawaida ni wiki kadhaa, kwa hiyo mwezi wa Agosti alikuwa mchangamfu. Hata na mumewe waliongea vizuri. Mashauri hakuitaja tena bunduki, naye Benedicta akadhani amezoea.

*

Simu ilimkuta nyumbani kwa bibi mmoja wa miaka tisini, amepiga magoti sakafuni akimvalisha soksi za kubana miguu. Namba ilikuwa imefichwa. Aliipokea kwa sikio na bega.

Mwanamke wa polisi aliongea polepole na kwa upole ambao Benedicta hakuupenda. Alisema ombi lake limesimamishwa kwa muda. Kuna taarifa imeingia kutoka kwa mtu wa nyumbani kwake, kwamba anamwogopa. Kwa kuwa nyumbani kuna mtoto, sheria inawalazimu kuijulisha ofisi ya ustawi wa jamii. Atapata barua.

"Mtu gani wa nyumbani?"

Hilo yule mwanamke hakuruhusiwa kulisema. Lakini nyumbani kulikuwa na watu watatu, na mmoja ni yeye mwenyewe.

Bibi alimuuliza kama ni habari mbaya. Benedicta akasema hapana, akamalizia soksi ya pili, akamwandalia uji, akaandika dawa alizompa kwenye daftari. Alikuwa na nyumba tano nyingine siku hiyo. Alizipitia zote. Kwenye nyumba ya mwisho aligundua kwamba ameshikilia funguo za wazee kwa nguvu mpaka zimemwachia alama kiganjani.

Alimkuta Mashauri jikoni akikaanga mayai.

"Ulimwambia nani kwamba unaniogopa?"

Mashauri alizima jiko kwanza. Alisema hakusema hivyo. Alikiri kwamba alipiga simu polisi wakati wa mapumziko ya chakula, kuuliza swali tu: mume asipoafiki bunduki kuwekwa ndani, sheria inasemaje? Aliyepokea akamuuliza anajisikiaje kuhusu jambo hilo. Naye akajibu kwamba anamjali mkewe, hataki apate matatizo. Hapo ndipo ulimi ulipoteleza. Kwa Kiswidi, alisema, ukisema uko rädd om mtu, maana yake unamjali, unamchunga usimpoteze. Ukisema uko rädd för mtu, maana yake unamwogopa. Alikusudia la kwanza, likatoka la pili. Kelele za ghala, simu, haraka.

"Neno moja," alisema. "Mama Anitha, ni neno moja dogo."

"Ulipiga simu polisi kunizungumzia mimi."

"Kuuliza tu."

"Ungeniuliza mimi."

Hakupiga kelele. Alitamani kupiga, lakini kuta za jengo lile ni nyembamba, na ilimjia kwamba kuanzia leo kelele yake ni ushahidi. Hilo ndilo lililomuudhi kuliko yote: hata hasira yake sasa ilikuwa imekamatwa. Alimwambia Mashauri kwamba watakapoitwa, ataeleza kosa lake mwenyewe, mbele yake, neno kwa neno. Mashauri akasema bila shaka. Akamuuliza kama atakula mayai. Benedicta akaenda kuoga.

*

Barua iliwaita Handen, siku ya Alhamisi saa nne asubuhi. Wote watatu walikosa shughuli zao. Anitha alikosa mtihani wa hisabati.

Wanawake wawili waliwapokea, mmoja wa umri wa Benedicta na mwingine kijana aliyekuwa akiandika. Walitoa kahawa. Waliwauliza kama wangependa mkalimani wa Kiswahili kwa simu. Benedicta akasema amekaa nchi hii miaka kumi na saba. Wakasema ni utaratibu tu, wanamuuliza kila mtu.

Walianza na Anitha, peke yake, mlango umefungwa. Mume na mke walikaa korido kwenye viti vya buluu. Baada ya dakika ishirini na tano Anitha alitoka, uso umemwiva.

"De frågade om du slår pappa," alisema.

Wamemuuliza kama mama yake anampiga baba yake. Alikuwa amecheka, akaeleza, na wakamwambia kwa upole kwamba siyo jambo la kucheka. Wakamuuliza pia kama huwa anaogopa kurudi nyumbani. Mashauri alitazama sakafu. Benedicta alimfunga binti yake zipu ya jaketi mpaka kidevuni, kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa mdogo, na Anitha akamwacha.

Kisha ikawa zamu ya Benedicta.

"Huwa unakasirika?" yule mkubwa alimuuliza.

Aliona kuna jibu moja tu linaloruhusiwa, la mtu asiye na hasira, na hasira ikampanda papo hapo. Aliikalia. Aliweka mikono yote miwili mezani, wazi, waione.

"Kawaida," alisema. "Kama watu wote."

"Kawaida ni vipi? Unaweza kutupa mfano?"

Alitafuta mfano mdogo kama mtu anayetafuta sarafu kwenye pochi. Alisema humkasirikia Anitha anapoacha taulo lenye maji juu ya kitanda. Yule kijana akaandika taulo. Wakamuuliza humfanya nini anapokasirika hivyo. Akasema humwambia aondoe taulo. Wakaandika na hilo. Wakamuuliza kwa nini anataka bunduki. Alifikiri juu ya mfuko wa mifupa, na ndevu za yule mzee, na rula za walimu, akaona hakuna hata kimoja kinachofaa kuandikwa na yule binti. Akasema anapenda msitu.

"Ni vizuri," yule mkubwa alisema. "Hewa safi."

Mwishowe wakamwita Mashauri, akae pamoja na mkewe. Mashauri alikuwa amevaa koti la suti. Alieleza. Alieleza vizuri mno. Alisema wageni wengi hukosea hapo, kwa sababu ni neno lile lile, ila kijineno kinachofuata ndicho kinachogeuza maana. Akatoa mfano wa mtu aliye rädd om gari lake na mtu aliye rädd för gari, akafafanua kwamba wa kwanza huliosha kila Jumamosi na wa pili huvuka barabara mbio. Wale wanawake wakacheka. Yule kijana aliacha kuandika akacheka pia. Mkubwa akasema hata yeye asingeweza kulieleza vizuri namna hiyo, na kwamba Kiswidi ni lugha ya ukatili. Akasema haoni sababu ya kuendelea na shauri. Atawajulisha polisi.

Waliagana kwa kushikana mikono. Benedicta naye alitabasamu, maana ilibidi.

*

Anitha alikimbilia shule. Wao wawili walibaki jukwaani stesheni ya Handen wakingoja treni; ubao ulionyesha dakika nane. Mashauri alikuwa amepoa kabisa, mtu aliyetua mzigo. Alisema wale mama ni watu wazuri. Alisema kama si ile mifano ya gari, huenda wangechelewa.

Benedicta alikuwa akiitafakari ile mifano. Alikuwa akimjua mumewe. Mashauri ndiye aliyewasomea barua za serikali wageni wote wa jumuiya yao. Ndiye aliyekaa na Waburundi wapya kila Jumanne, akiwafundisha. Mtu aliyeteleza kwenye neno halielezi kama mwalimu anayelifundisha kila mwaka.

"Baba Anitha," alisema. "Siku ile ghalani. Tofauti ya maneno yale ulikuwa unaijua?"

"Nimeshaeleza pale ndani."

"Umewaeleza wao. Mimi nakuuliza."

Mashauri alitazama ubao wa saa za treni. Watu wawili walipita na baiskeli. Dakika nane zikawa sita.

"Nilijua," alisema.

Benedicta alimgeukia.

"Nilitaka wakukatalie wao. Nisiwe mimi." Alikohoa kidogo. "Ungenichukia mimi. Nikasema, polisi wakikataa, basi, tutawalaumu wote pamoja. Habari za Anitha kuitwa sikuzijua. Hilo naapa."

Benedicta alijua kwamba angeweza kugeuka saa ile ile, kupanda zile ngazi na kuwaambia wale wanawake ukweli. Na wao wangelifungua faili upya: mume anayewadanganya polisi kuhusu mkewe, mke mwenye hasira anayerudi mbio ofisini, mtoto katikati. Wangemwita Anitha tena. Ukweli ulikuwa mkononi mwake na hakuwa na pa kuupeleka. Uongo wa Mashauri ndio uliomsafisha.

Treni ilipofika alipanda behewa la mbele. Mashauri alipotaka kumfuata, alimwambia apande la nyuma.

*

Muuzaji wa bunduki alikubali kuishikilia zaidi ya Septemba, ila kwa krona elfu moja ambazo hazitarudishwa. Benedicta alilipa. Msimu wa älg ulipofunguliwa Oktoba, leseni ilikuwa bado. Alikwenda Ösmo kutimua wanyama kwa mwaka wa tatu. Aron alimuuliza kulikoni. Alisema karatasi zimechelewa. Yule mzee mwenye ndevu akasema polisi siku hizi wanachunguza sana watu, na ni vyema.

Nyumbani waliongea ya lazima tu: kodi, zamu ya chumba cha kufulia, ada ya safari ya Anitha. Mashauri akawa mwema kupita kiasi. Alifua, alipika, alimwekea chai mezani kabla ya zamu. Hakuomba msamaha. Kadiri wiki zilivyopita Benedicta aliona kwamba mumewe haoni tena cha kuombea msamaha. Mambo yameisha vizuri, mtu amesafishwa, kwa nini kufukua? Chai yake aliimwaga kwenye sinki, kila asubuhi, mbele yake.

Leseni ilifika wiki ya pili ya Novemba. Alikwenda dukani peke yake. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ule alikaa kwenye kituo kando ya mti wa msonobari ulioanguka, theluji nyepesi ikidondoka, na kabla ya saa sita ndama wa älg akatoka kichakani akisimama-simama. Alipiga, akakoki, lakini ya pili haikuhitajika. Alimwendea, akamgusa. Aron alimshika bega. Jioni alipewa fungu kamili, na yule mwenye ndevu ndiye aliyempimia.

Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya ibada, Mashauri alimkaribisha Ludovick na mkewe, Fébronie, mwanamke wa Bukavu mwenye kicheko kikubwa. Hakumuuliza Benedicta. Benedicta hata hivyo aliipika nyama, kwa nazi na pilipili manga, na ikawa tamu. Ludovick, yule yule aliyeuliza habari za ruhusa ya kutoka nje, alipakua mara mbili.

"Ni wewe mwenyewe ulimpiga, vraiment, kweli?" Fébronie aliuliza.

"Risasi moja," Mashauri alidakia. "Mke wangu huyu. Moja tu."

Alisema kwa fahari. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwa wamefurahi na chakula kimekubali, akaanza kuwasimulia bunduki ilivyotaka kukosekana. Alisimulia ghala na kelele zake. Alisimulia rädd om na rädd för. Aliigiza sauti ya yule mama wa ustawi wa jamii, akaigiza na mtu anayelikimbia gari barabarani. Kila mtu pale mezani alikuwa na kisa chake cha kukosea Kiswidi, na Ludovick alicheka mpaka akavua miwani kujifuta. Fébronie alipiga meza kwa kiganja. Anitha peke yake hakucheka. Alikuwa akimtazama mama yake.

"Alijua," Benedicta alisema.

Hakupandisha sauti, kwa hiyo kicheko kilichukua muda kuisha.

"Unasema?" Ludovick aliuliza.

"Alilijua neno. Aliwaambia polisi ananiogopa, kwa makusudi, ili ninyimwe leseni na lawama iwe ya polisi. Aliniambia kwa mdomo wake stesheni ya Handen. Mwanangu akawekwa chumbani akaulizwa kama nampiga baba yake." Aliondoa bakuli la wali katikati ya meza, akaliweka pembeni. "Siyo kichekesho."

Ludovick alivaa miwani yake. Alimtazama Mashauri, akingoja akanushe. Mashauri alitazama sahani.

"Ni kweli?" Fébronie alimuuliza.

"Ilikuwa zamani kidogo," Mashauri alisema.

"Mimi nauliza kama ni kweli."

"Ni kweli."

"Na wewe ulimwomba pardon?"

Mashauri aliendelea kuitazama sahani. Benedicta alipopeleka vyombo kwenye sinki, Fébronie alisukuma kiti nyuma, akaenda kusimama naye. Wageni waliondoka kabla ya kahawa. Mlangoni Ludovick alisema watawasiliana. Anitha alimshika mama yake mkono kwa muda mfupi, akaingia chumbani kwake.

Mashauri alikuwa bado mezani.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema.

"Ndiyo."

"Kesho jumuiya nzima itajua."

"Nimesema kwa Kiswahili," Benedicta alisema. "Ili mtu asije akasema sikueleweka."

Alichukua vibakuli vya plastiki, akaanza kupakua nyama iliyobaki. Kimoja cha zamu yake ya kesho. Kimoja cha Anitha atakaporudi kutoka shule. Kimoja kikubwa cha Aron. Alikuwa akifunga mfuniko wa tatu Mashauri alipouliza, kwa sauti ndogo, kama na yeye atawekewa cha kazini.

Benedicta alilisukuma sufuria upande wake wa meza, na kijiko ndani yake.

"Jipakulie," alisema.